Goti Lako Lilikuwa Zima

Mwanamisi, mke mwenza wangu,

Salamu zikufikie huko ulikotangulia. Nakuandikia nikiwa nimeegemea mito, kwa sababu nikilala chali pumzi hukataa. Daktari wa Msambweni anasema moyo wangu umechoka. Nilimwambia umefanya kazi nyingi, una haki. Herufi zangu zimekuwa kama za watoto wa darasa la kwanza niliowafundisha hapa Munje, lakini barua hii siwezi kumpa mtu mwingine aniandikie. Ni yetu wawili.

Nimesema, Mwanamisi. Ile siri ya goti nimeitoa mbele ya ukoo mzima, jua likiwa juu, na shemeji Kassim amekaa mbele yangu kwenye kiti. Sikukuomba ruhusa. Nakujua, ungecheka kabla sijamaliza sentensi ya kwanza.

Unakumbuka ilivyoanza. Bakari wetu alipofariki tulikaa eda pamoja katika nyumba hii, na watu wakaja kutazama tutagombania nini. Hawakuona kitu. Miaka yote ya ndoa tulikuwa tumegawana zamu, mume na jiko. Eda ndiyo iliyotupa nafasi ya kuzungumza. Tulipotoka, Riziki bintiyo alipiga simu kutoka Krete, kule Ugiriki alikoolewa. “Mama zangu,” alisema, “njooni mtembee.” Alisema mama zangu. Nililia, nikakuambia ni moshi wa kuni.

Shemeji Kassim akaja mbio. “Wajane wawili kwenda kutembea Ulaya, na kaburi la kaka yangu halijaota nyasi? Kama lazima mwende, semeni mnakwenda kutibiwa.” Na mimi, mwalimu mkuu mstaafu, niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo, niliinamisha kichwa. Nilikuwa na jina la kulinda. Wewe ndiye uliyejibu: “Basi chukueni goti langu. Heshima ya Da Mwalimu isiguswe.”

Munje yote ikalisomea dua goti ambalo asubuhi ile lilikuwa limetoka shambani na mzigo wa muhogo.

Mwanamisi, zile siku! Asubuhi Riziki anatuamsha, tunapanda basi, jioni tunarudi, kesho yake mji mwingine. Siku ya mji ule wa bandarini ulisimama katikati ya njia ukanivuta buibui. “Da Mwalimu, tazama! Hawa nao wanamwanika pweza kwenye kamba kama kanga!” Kisha tukamwona yule kijana akimpiga pweza wake juu ya jiwe, kivivu, kama anayefukuza nzi. Hukuvumilia. Ulimnyang’anya, ukakunja mikono ya buibui, ukampiga pweza yule mpigo wa Msambweni hasa, mpaka wavuvi wakaacha nyavu zao wakapiga makofi. Walitaka kutupatia divai, Riziki akawaambia hapana, wakatuletea malimau na mkate. Tulikula tumekaa ukingoni mwa gati, miguu inaning’inia, vikongwe wawili kama watoto waliotoroka chuoni.

Na siku ya mzeituni. Tangu tukiwa wadogo tumeutaja mti ule katika kisomo cha Kurani bila kujua una jani gani. Uliuzunguka, ukauwekea shavu, ukasema, “Kumbe ni mti tu. Alhamdulillahi, kumbe ni mti kweli.” Sikucheka. Mimi niliyesoma vitabu vingi nilikuwa nikiwaza neno hilohilo, ila nisingethubutu kulitamka.

Lakini siku ninayoirudia sana, hasa pumzi inapokataa, ni ile ya kijiji cha mlimani. Basi lilituacha chini, na ngazi za mawe zikapanda mpaka shingo ikauma kuzitazama. Wewe mgonjwa ulitangulia! Mimi mzima nilikaa kwenye kila kona kuvuta pumzi, na sauti yako inanijia kutoka juu: “Mwalimu, kengele imelia! Umechelewa!”

Kule juu tulimkuta yule bibi mlangoni pake, amevaa nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni, anamenya maharage. Akatuona na mabuibui yetu, akatusogezea kiti. Aliuliza sisi ni nani, je, ni dada? Riziki akamwambia tulikuwa wake wa mume mmoja. Bibi akajipiga kofi la paji la uso, akamwita jirani, jirani akamwita mwenzake. “Mume mmoja? Na hamkuuana?”

“Mwambie tulijaribu,” ulisema.

Loo, kicheko cha mlima ule! Baadaye aliposema kwamba nyeusi ile aliivaa mumewe alipozikwa, naye angali msichana, na ataivua akivuliwa na waosha maiti, uliacha kucheka. Ulimshika mkono. “Mwambie sisi tunakaa miezi minne na siku kumi, kisha tunaoga, tunatoka.” Akauliza ni nani anayetupa ruhusa ya kutoka. Ukamjibu, “Mungu mwenyewe ndiye aliyehesabu. Wanaoongeza ni majirani.”

Tuliporudi nyumbani watu walimiminika kukupa pole. Ukachechemea. Ulichechemea vizuri sana siku ya kwanza, na siku ya pili ukasahau ukachechemea mguu wa pili. Bi Mwanakombo wa jirani akasema, “Hawa madaktari wa Kizungu hawatibu, wanahamisha.” Tukacheka mpaka tukafunga mlango. Lakini uliendelea kuchechemea, Mwanamisi, kila ulipoona watu, hata ulipozeeka kweli. Hukulalamika. Ulilibeba jina langu kwa mguu wako hadi ulipofariki, na mimi nikakuacha ulibebe.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada yako.

Maimuna, mjukuu wako, amefiwa na mumewe. Ajali, barabara ya Ukunda. Kijana mwema, hakuwa hata na mvi moja. Mtoto alikaa eda yake yote chini ya dari hii, mimi kitandani, yeye kwenye mkeka, anakonda kila siku. Alipotoka alirudi kazini kwake Diani, kwenye mapokezi ya hoteli, anawakaribisha wageni kwa meno bila moyo. Riziki akampigia: “Mwanangu, njoo kwa shangazi yako utembee. Tutapanda milima, tutashuka pwani, utarudi ukiwa mtu.” Nilimwona Maimuna akitabasamu, na nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya.

Shemeji Kassim akaitisha kikao. Hapa hapa, ukumbini. Nilisikia kila neno kupitia pazia. “Mjane kijana hasafiri kwenda kujitembeza. Ukoo huu haujafanya hivyo. Hata bibi zako, watu wazima wale, walikwenda kutibiwa. Muulize bibi yako, yupo hai.”

Maimuna akafungua pazia. Akanitazama. “Bibi, ni kweli?”

Mwanamisi, la kuvunda halina ubani. Nilijua pale pale kwamba uongo wetu umekuwa kufuli, na kwamba ufunguo ninao mimi peke yangu, na moyo huu hauna dhamana ya kesho. Nikasema, “Niinueni.” Wakanishika makwapani, wakanikalisha katikati ya wanaume.

Nikasema: “Goti la Mwanamisi lilikuwa zima. Tulikwenda kutembea.”

Shemeji akasema kwa upole, ule upole wake wa kumzika mtu, “Mwalimu, dawa zimekuchanganya.”

“Dawa zinanivimbisha miguu, shemeji. Kichwa hazikigusi.”

“Watu walilisomea dua goti lile!”

“Na dua ikapokelewa. Alipanda nalo mlima.”

Bi Mwanakombo, aliyekuwa mlangoni akijifanya ameleta uji, alipasuka kwa kicheko, akajifunika uso kwa leso. Wengine wakamfuata. Mimi sikucheka. Niliwaambia kwamba eda ina mwisho, na aliyeiwekea mwisho si mzee wa ukoo wala jirani. Niliwaambia kwamba uongo haukuwa wako, ulikuwa wangu, uliusitiri uoga wangu. Nikamwambia Maimuna, mbele yao wote, “Nenda. Na mtu akikuuliza unakwenda kufanya nini, mwambie unakwenda kutembea. Usiazime ugonjwa.”

Shemeji Kassim akasimama. Alisema nikifa asitafutwe, hatasimama kwenye jeneza langu. Nimeolewa katika nyumba yao tangu nikiwa mwari, Mwanamisi, na yeye ndiye aliyetakiwa kuniingiza kaburini kwa niaba ya kaka yake. Neno lile liliniuma, sitakuficha. Lakini nilimjibu kwamba mwili wangu umekonda, hautahitaji wabebaji wengi.

Maimuna ameondoka Alhamisi. Alikuja kuniaga, nikamwekea mkono kichwani. Wanawake walimsindikiza mpaka kwenye tuktuk, na nilisikia mmoja akiuliza kwa sauti ya huruma, “Unaumwa wapi, mwanangu?” Naye akajibu kwa sauti iliyofika mpaka kitandani kwangu, “Siumwi popote!” Nililala usiku ule bila kukohoa.

Limebaki moja, la kwako tu. Nilimpenda Bakari, Mungu amrehemu, na nilikuwa mke mwema kwake. Lakini watu wakiniuliza ni lini katika maisha yangu nilikuwa na furaha kamili, jibu lake si harusi yangu. Ni wakati ule, mimi na wewe na Riziki, na basi la asubuhi. Sikukuambia ungali hai. Niliona haya kumwambia mke mwenza kwamba yeye ndiye niliyebahatika kumpata.

Nimewaambia watoto wanizike ubavuni mwako. Wameshangaa, kisha wamekubali.

Siku hizi huja watu kunisomea na kunikumbusha toba, na wanafanya vyema. Nakuahidi nitatubu. Nitatubia fimbo nilizowachapa watoto, na hasira zangu, na wivu wa mwaka ule ulipoletwa nyumbani ukiwa na hina mikononi, na mguu niliouacha uchechemee kwa ajili yangu. Wakinitajia safari ile nitafumba mdomo. Hiyo nitakwenda nayo ilivyo.

Pumzika, mwenzangu. Nisogezee nafasi.

Wako,
Da Mwalimu