Nilitengeneza Mashine ya Kufulia, Mume Wangu Akakata Waya

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana ndugu wote wananiambia nimezidi na moyo wangu unakataa. Mimi ni msusi, nina watoto wawili, na nyumbani tunaishi na baba mkwe aliyepooza upande mmoja, hainuki kitandani, kwa hiyo shuka zake hufuliwa kila siku na mfuaji ni mimi. Mashine yetu ya kufulia iligoma, inavuma, inazunguka kidogo, halafu inasimama na maji yake tumboni. Nikasema tuite fundi, mume wangu akaruka, "Fundi wa nini, kwani mimi nimekufa?" Akaivuta katikati ya bafu, akafungua mfuniko wa nyuma, akachungulia, akaenda kutazama mpira, na tangu hapo kila nikiuliza jibu ni "nitaishughulikia", huku mimi nimeinama kwenye beseni mpaka vidole vimechanika, na kwa vidole hivyo hivyo nasuka vichwa vya watu, dawa ya nywele ikiingia kwenye michubuko nalia kimyakimya mteja asione.

Juzi nikachoka. Nikachomoa plagi, nikafungua kale kamfuniko kadogo ka mbele, chini kabisa, maji machafu yakamwagika, nikatoa chujio, nikakuta soksi ya mtoto, kifungo na kipande cha bandeji ya mzee vimejisokota humo kama kiota. Nikasafisha, nikarudisha, ikafua mpaka mwisho. Baba mkwe akasikia ngurumo, akaniita, "Mwanangu, imepona?" Nikamwambia imepona baba, akacheka, mshauri, mzee ambaye huona aibu kila nikimbadilishia shuka.

Mume wangu aliporudi akaikuta inazunguka. "Nani kaigusa?" Nikasema mimi. "Kwa hiyo mimi ni sanamu humu ndani?" Akachomoa plagi, akachukua kisu jikoni, akakata waya watoto wakimtazama. Baba yake alimwita, hakuitika, mzee akageuzia uso ukutani. Sasa haniongeleshi mpaka nimwombe radhi, na wifi yangu anasema, "Wifi, jishushe, mwanaume ni heshima." Nijishushe mpaka wapi, na beseni liko chini tayari?

Msusi Mwenye Vidonda

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mama, na sasa nikukaripie kidogo. Vidole vinachanika, wewe unalia saluni kwa siri! Mficha uchi hazai. Utasema mumeo ana macho. Anayo, lakini mtu aliyezoea kukuta shuka safi hudhani zinajifua zenyewe.

Ama radhi, usiombe. Tangu nizaliwe sijasikia mtu anaombwa radhi kwa kutoa soksi kwenye chujio. Mumeo alishindwa, akaona haya, na haya yake akaibebesha migongo miwili, wako na wa baba yake mzazi. Na huyo wifi yako anayejua sana heshima, mwulize mara ya mwisho alifua lini shuka ya baba yake.

Waya huo usiuunge kwa selotepu, bafuni kuna maji. Mwite fundi umeme, mchana, mumeo akiwepo, wala usimwombe ruhusa. Mzee mbadilishie shuka kama kawaida, hana kosa. Zile chafu mkabidhi mwanawe, umwambie bila kufoka, "Baba watoto, mikono yangu ina vidonda, shuka za baba ni zako mpaka vipone." Kisha nenda kazini. Ukirudi ukazikuta hazijaguswa, usizifue kwa huruma. Hapo ndipo unapojimaliza siku zote.

Lakini kisu mbele ya watoto hakihusiani na mashine, hilo usilimeze. Waite wazee wa pande zote mbili, wakae chumbani kwa baba mkwe, na yeye aseme alichokisikia. Mumeo akishika kisu tena kwa hasira, beba wanao uende kwa mama yako. Usisubiri kuaga.