Boti ya Jumatano

Jumamosi, 3 Mei

Wiki tatu leo! Wiki tatu mke wa mtu, na bado nikiitwa "mke wa fundi vitasa" nageuka nyuma kumtafuta huyo mwanamke.

Tumekaa chini sebuleni, ramani katikati, vidole vya miguu vimegusana juu ya milima. Fungate yetu, hatimaye! Yeye anataka mji mkuu wa zamani — kasri la wafalme, milango mizito, vitasa vya miaka mia tatu. Mimi nataka kisiwa. Sijawahi kuona bahari, hata kwa mbali. Basi tumeviunganisha: treni Jumapili ya tarehe 18, Jumatatu na Jumanne mjini, Jumatano boti, Jumamosi kurudi. Boti ya kwenda ni moja tu kwa wiki. Ukiikosa, kisiwa utakiona kwenye ramani.

Akakichorea moyo kile kisiwa. Kwa wino! Na ramani yenyewe ya kuazima.

Jumanne, 6 Mei

Daktari wa meno, bosi wangu, amekubali. Siku nane, siyo tisa, akasema, mkono ukiwa mdomoni mwa mgonjwa. Mgonjwa naye akaitikia kwa kichwa.

Nimenunua kofia! Pana, utepe wa njano. Wifi yangu akauliza hiyo ni kofia au paa la nyumba. Halafu akaniambia nisijidanganye: kaka yake akiona tundu la ufunguo husahau hata kula. Nitapelekwa fungate kushika tochi! Tukacheka. Mimi nilicheka kidogo.

Ijumaa, 9 Mei

Mganga hajigangi! Mume wangu, anayefungulia mtaa mzima milango, amefunga sanduku letu jipya funguo zikiwa ndani. Eti alikuwa anajaribu tu. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Akalifungua kwa pini ya nywele zangu, akaenda dukani kwake akipiga mluzi, pini yangu mfukoni.

Nikaanza kupanga nguo. Kwenye mfuko wa ndani — barua! Kumbe ndiyo maana alilifunga, kisha kaisahau humo!

Imetoka makumbusho ya kasri. Aliwaandikia kabla ya harusi, akiomba kuvitazama tu vitasa vyao. Wamemjibu kwamba kuna chumba mwisho wa ukumbi, hakijafunguliwa tangu kabla msimamizi wao hajazaliwa. Ufunguo ulipotea. Mlango hawataki kuuvunja. Aje, tafadhali. Huenda kazi ikachukua siku nne, tano.

Nyuma ya karatasi, kwa penseli, jibu lake, la juzi. Bila shaka keshalinakili na kulituma. "Nashukuru sana, lakini siwezi. Nimeoa, na mke wangu hajawahi kuona bahari."

Na mimi hakuniambia hata neno! Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia. Si huzuni. Sijui niite nini.

Jumamosi, 10 Mei

Nimempelekea chai dukani. Hakunisikia. Alikuwa ameweka sikio kwenye kitasa kikuukuu, macho kafumba — vilevile anavyoliweka kifuani pangu. Nimesimama pale mpaka chai ikapoa.

Nimemwambia wifi kila kitu. Usijifanye malaika, wifi yangu, akasema. Ukimwachia boti ya kwanza, ya pili hatakuuliza! Kasema kweli. Lakini chumbani mle kuna nini? Nguo za malkia? Panya? Tangu jana siwazi kingine, na vitasa si kazi yangu!

Jumatatu, 12 Mei

Nimepiga simu! Kazini, daktari alipotoka kwenda kula. Namba ilikuwa kwenye barua. Msimamizi ana sauti ya kizee na kikohozi.

"Lakini fundi ametuandikia hawezi, bibi harusi."

"Fundi hakuniuliza."

Nikatoa masharti. Jumatatu na Jumanne tu. Jumatano tunapanda boti, mlango ufunguke usifunguke. Na ukifunguka, wa kwanza kuchungulia ni mimi! Mzee akacheka mpaka akakohoa. Amekubali, ila akanionya: vitasa havijui kalenda, mwanangu. Atampigia fundi mwenyewe.

Nimekata simu. Nimempa mume wangu siku mbili — au nimegawa bahari yangu?

Alhamisi, 15 Mei

Amepigiwa! Sasa hivi, tukipanga sanduku. Alitoka nje na simu. Nikamsikia dirishani: "Mke wangu? Mke wangu ndiye aliyesema hivyo?" Kajishika kichwa, anazunguka ua kama aliyepoteza kitu.

Akaingia ndani. Akanikumbatia mpaka kitana kikadondoka. Akakimbilia zana zake, akazijaza sandukuni. Akatazama. Akazitoa zote! Akaweka kofia yangu kwanza, katikati, kisha akaanza kuzipanga upya pembeni yake, moja moja, kila moja ndani ya soksi. Soksi zangu! Nimemwacha na kazi yake, nimekuja mezani kuandika. Nina furaha mpaka naogopa.

Ameniuliza toka chumbani boti inaondoka saa ngapi. Saa mbili asubuhi, nimemjibu. Nasikia tupa ya kusugulia chuma ikiingizwa sandukuni, ikitolewa, ikiingizwa tena.

Sasa anauliza mara ya pili, kwa ile sauti yake tamu ya kuombea mambo: ni saa mbili kamili, mke wangu, au huwa inachelewachelewa?