Vipande Vyangu Kwenye Naitrojeni

Jumatatu, 3 Machi

Muhokya asubuhi, ng'ombe wawili wanaotafuta dume. Wa kwanza alitulia. Wa pili alinipiga teke la paja. Nilitoa mrija wa mbegu kwenye mtungi wa naitrojeni, nikauyeyusha, nikampandikiza hivyo hivyo. Mwenye ng'ombe aliuliza: Masika, mbona umekonda? Nikasema ni jua.

Jioni hospitali, Kasese. Uvimbe wa shingo ni saratani ya tezi za limfu. Daktari alisema inatibika, kemo ianze haraka. Halafu akashusha sauti: dawa hiyo inaweza kuua mayai yangu yote. Nina miaka ishirini na saba na sijazaa. Nilimshukuru, nikatoka. Nimekula bundu, ugali wa muhogo, na samaki, nimemaliza sahani. Sijalia.

Jumatano, 5 Machi

Kuna hospitali Kampala inayojaribu jambo jipya, haitozi. Wanatoa ovari moja kabla ya kemo, wanaikata vipande vyembamba, wanavigandisha. Nikipona wanavirudisha, huenda nikazaa. Huenda. Kugandisha mayai yenyewe kunataka sindano za siku nyingi kwanza, na shingo yangu haina subira hiyo.

Vinakaa kwenye naitrojeni. Nilimwambia daktari ndiyo kazi yangu, akacheka, nami nikacheka. Ng'ombe wa Muhokya wangecheka zaidi.

Nimekubali. Nimempigia Thembo, mchumba wangu. Naye kakubali.

Ijumaa, 7 Machi

Mtungi wa ofisini umekauka. Nilikuwa hospitali, mwenzangu Baluku akadhani nimeujaza kabla sijaondoka. Mbegu zote zimekufa. Mirija iko vilevile, safi, na rangi zake. Kwa kutazama huwezi kujua.

Sikumgombeza. Nilikwenda kukaa chooni, maana ndicho chumba pekee chenye komeo. Naogopa. Hakuna neno jingine.

Jumapili, 9 Machi

Bwera, kwa kina Thembo. Nilikwenda na mdogo wangu Biira, ndiye atakayeniuguza. Mama yake Thembo huuza vitenge vya kutoka Butembo, na leo alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo na wali. Thembo akaeleza upasuaji, polepole, vizuri. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akanawa mikono. Akamwuliza Thembo, si mimi:

"Kama Masika anakufa, hiyo kitu banaweza kuiweka mu Biira?"

Thembo akatazama sahani. Biira naye.

Nimeshasikia za wadogo kuolewa mahali pa dada aliyefariki. Ila mimi nilikuwa nimekaa pale pale, sombe mdomoni. Nilimchukia yule mama. Nilimchukia Thembo zaidi kwa kunyamaza. Baada ya chakula, Biira alipokuwa jikoni akimsaidia mama kuosha sahani, tulibaki wawili, mimi na Thembo. Alifungua redio.

Jumatano, 12 Machi

Kampala. Muuguzi aliuliza: nikifa, vipande viende wapi? Abaki navyo mchumba, vipewe watafiti, au vichomwe. Nikasema vichomwe kabla hajamaliza. Thembo alikuwa nje kwenye benchi. Sikumwita. Nikatia saini.

Niliuliza nani hujaza naitrojeni. Na huyo akiugua? Akanipeleka kuona. Wako wawili, na kuna kengele inayolia kiwango kikishuka. Nilitaka kuisikia. Wakailiza mara moja. Nikaridhika.

Ijumaa, 14 Machi

Ovari imetoka. Matundu matatu tumboni. Kukohoa kunauma, kucheka pia, lakini hilo si tatizo kwa sasa.

Thembo alileta chai. Alisema mama anasalimu. Nikageukia ukuta.

Jumatatu, 17 Machi

Wamesema vipande vimeganda vizuri. Nilitarajia kufurahi. Nimelala mchana kutwa.

Alhamisi, 27 Machi

Kemo ya kwanza. Dawa moja ni nyekundu kama soda. Biira alikaa kwenye stuli, akimenya chungwa ambalo mimi siwezi kula. Bila kuulizwa, akasema kwamba siku ile Bwera, jikoni, mama yake Thembo alimwuliza tena. Kama angekubali.

"Nilimwambia ndiyo," akasema. "Si juu ya Thembo, huyo simutaki hata bure. Ni juu ya huyo mutoto. Angekuwa na sura yako."

Akaendelea kumenya. Maganda aliyaweka kwenye sketi.

Sikumwambia nilichotia saini. Nilimwambia asogeze stuli upande wa mkono usio na sindano. Akasogeza. Tukangoja dripu iishe.