Jina Langu Limetajwa Mkutanoni

S.L.P. 118,
Tunduma.
17 Novemba 2024

Mpendwa dada yangu Atuganile,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Muheza ukiwa na afya, na lile goti limetulia. Shemeji Osea naye, presha imeshuka? Sisi hapa tu wazima. Macho yangu bado yana ukungu, lakini kuandika naandika, ingawa mistari inapanda mlima kama unavyoiona.

Mvua zimeanza. Mama Ombeni ameniacha hapa kwa mwanetu, amekwenda Ileje kupanda mahindi, na anasema baridi ya kwetu ni ile ile. Mjukuu wako Tumpale ataingia darasa la tatu mwakani. Ananisomea magazeti, na akikutana na neno gumu analiruka bila aibu.

Mpira sitaki kuuzungumza sana. Unajua mimi ni Simba tangu zamani, na miaka hii watani wetu wanatamba mpaka sokoni hakupitiki. Humu ndani pia kuna Yanga mmoja, mkamwana wetu Nesta. Tangu Ombeni amuoe, miaka kumi na moja sasa, namsikia tu akishangilia kutoka jikoni, maana nikiwa sebuleni yeye haingii. Tukifungwa, huko jikoni masufuria yanagongwa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni siasa. Wiki ijayo tunachagua viongozi wa mitaa, na kila anayepita hapa anaahidi maji. Kwa umri huu nawasikiliza kama watangazaji wa mpira: sauti kubwa, goli bado. Ila safari hii yalinigusa, kwa sababu mwezi uliopita Nesta aligombea uenyekiti wa mtaa kwenye kura za maoni za chama chetu. Wenzake wa sokoni ndio waliomsukuma. Anauza mchele na maharage, wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanamwita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, na pakitokea ugomvi wa mizani anaitwa yeye kuamua.

Sasa dada, wewe ndiye shangazi uliyemweka chini siku ya harusi ukamfundisha miiko yetu: asikutane uso kwa uso na baba mkwe, asitaje jina lake wala neno linalofanana nalo. Amefuata yote. Akiniona njiani anachepuka. Watoto hawaambii "itika", anawaambia "jibu", kwa kuwa "itika" imekaribiana mno na jina langu, Lwitiko. Hata siku ya mkutano, wenzake wote walisema "itikadi" ya chama, yeye akasema "yale tunayoyaamini". Nilikuwa nyuma kabisa, nimempa mgongo ili asinione, nikacheka peke yangu.

Kicheko hakikudumu. Kabla ya kupiga kura, msimamizi alitaka kila mgombea ataje jina kamili kama lilivyo kwenye fomu. Mkamwana wetu akasema, "Nesta Ombeni," akanyamaza. Msimamizi si mtu wa huku, akamwambia amalizie. Akarudia yale yale mawili. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba asiyejua jina lake ataujuaje mtaa, na watu wakaangua kicheko. Msimamizi akasema asipolitaja lote atamwondoa. Nesta akavuta kanga kichwani, akaanza kurudi kukaa.

Niliumia sana. Heshima aliyonipa miaka yote ndiyo iliyokuwa ikimwaibisha mbele za watu, nami nimekaa kimya nimegeuka ukutani. Nikasimama, nikageuka, nikamtazama usoni.

"Mama, hilo jina ni langu," nikamwambia. "Nimekupa. Litaje."

Akashusha kanga mabegani. Kisha akalitaja taratibu: "Nesta Ombeni Lwitiko." Dada, sijawahi kulisikia jina langu likiwa zuri namna ile. Nililia pale pale, wala sikujificha.

Kura hazikutosha, alikosa kwa kura tisa. Aliyeshinda ni mtu mwenye busara na nitampigia. Nesta alisikitika siku mbili, ya tatu akarudi kwenye maharage yake.

Jumapili iliyofuata nilikuwa naangalia mpira, timu yangu imebanwa. Mlango ukafunguka, nikadhani ni Tumpale analeta chai kama kawaida. Kumbe ni Nesta mwenyewe. Akaweka kikombe, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, akatazama kidogo. Maneno yake ya kwanza kwangu tangu aingie katika ukoo wetu yakawa haya: "Baba, hapo mmekwisha." Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia.

Najua utanisema. Sikuita wazee kuuondoa mwiko, sikuchinja hata kuku, wala sikukuuliza wewe kwanza. Kama kuna kosa, basi ni langu. Yeye usimwandikie maneno makali, maana anakuogopa, na kila siku anamuuliza Ombeni kama shangazi ameshasikia.

Nisalimie shemeji Osea, Felista na Jastin. Mungu awape usingizi mzuri na chakula kisichokosa chumvi. Ukija Pasaka utatukuta tumekaa chumba kimoja, mimi na mkamwana wetu. Katikati yetu tumekuachia kiti. Naomba uje ukikalie.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Lwitiko