Baba Anakuja Mpirani

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu tele kutoka kwenye chumba chetu cha vyerehani viwili na kelele zisizoisha. Mimi mzima, mama mzima ila goti lake bado lina makeke, na baba ni mzima kupita kiasi, utaona mwenyewe. Wewe hujambo? Shemeji hajambo? Na mwanetu, ambaye mimi mama yake mdogo namjua kwa picha tu?

Usishtuke kuona barua. Ningepiga simu, lakini baba anashona hapa ubavuni kwangu, na masikio yake unayajua: ukimwita hasikii, ukimsema chinichini anageuka. Nimejificha nyuma ya majora ya vitambaa, na barua nitampa dereva wa basi akuletee.

Sasa kaa chini. Baba anakuja huko Jumamosi kutazama fainali.

Ndiyo, baba yuleyule aliyesusa harusi yako, akasema hakulea binti amwoze refa, mtu anayetukaniwa mama yake hadharani, na kwamba mguu wake hautakanyaga kwako. Tangu siku hiyo shemeji hana jina hapa, ni "yule wa filimbi" tu. Nakwambia ukweli, dada, mimi nilishakata tamaa. Kila mama akitazama ile picha ya mtoto analia, nami namsindikiza.

Mambo yalianzia redioni. Baba, ambaye hata kona haijui, akawa anafungulia kila mechi, eti anasubiri taarifa ya habari. Habari gani hiyo ya dakika tisini na nyongeza? Siku moja akaja fundi baiskeli, yule mwenyekiti wa mashabiki wa timu nyekundu, kupunguziwa suruali. Kusubiri tu kukamshinda, akaanza kumponda refa wa mechi ya jana, eti kipofu. Baba akasimamisha cherehani. Akamwambia kama refa ni kipofu basi na fundi wake ni kipofu, akapunguziwe kwa wanaoona. Jamaa akaondoka na suruali ya mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi, na mpaka leo anaivaa hivyohivyo kwa hasira.

Halafu redio ikatangaza refa wa fainali ni shemeji. Mpe hongera zangu. Baba akatoka bila kuaga, na aliporudi akasema amejiandikisha kwenye basi la mashabiki. Mama nusura aangushe sufuria. Akamuuliza mpira ameanza kuupenda lini, akajibiwa kwamba mtu mzima naye anahitaji burudani. Mama akasema hata yeye ni mtu mzima, akaanza kufunga mizigo papo hapo. Mpaka sasa amefunga mito miwili na ndoo, na ukimuuliza ndoo ya nini mpirani anakwambia usimchoshe.

Kumbe mabasi ni mawili, la wekundu na la kijani, na lazima uchague. Baba aliwauliza ni upande gani unaomtukana refa zaidi. Fundi baiskeli akasahau kidogo hasira za suruali, akajibu kwa fahari kwamba hapo wao hawana mpinzani. Baba akasema basi atakaa kwao, tena katikati. Walimpigia makofi wakidhani wamepata shabiki. Maskini, hawajui wamepakia nini.

Sharti la basi ni jezi, naye akasema yake atashona mwenyewe. Akawa anashona kanipa mgongo. Mara akamwita mtoto wa jirani, yule aliyezaliwa wakati mmoja na wako, akampima mabega kisha akamfukuza, eti kuna mteja ana mtoto wa kimo hicho.

Jana alipokwenda kununua uzi nikafunua kitambaa. Nilitegemea kuona nyekundu. Dada, ni nyeusi! Shati jeusi la refa, lenye kola na mifuko miwili kifuani, na pembeni yake jingine kama hilo, dogo, la mtoto.

Alinikuta nimelishika. Nikajua leo naliwa mbichi. Lakini aliketi, akavua miwani, akasema uwanjani kila mtu ana watu wake wa kumshangilia, isipokuwa mkwe wake, na aibu hiyo ameichoka. Alisema "mkwe wangu," dada, kwa kinywa chake. Nikalia, naye akanifokea nisiloweshe shati.

Kisha akaniambia kinachomkosesha raha. Anaogopa hutamfungulia mlango. Akasema usipofungua, atakuachia shati la mtoto mlangoni arudi na basi, na hatakulaumu. Nakuomba, dada, mlango usiufunge kabisa siku hiyo. Na mwambie shemeji akiona doa jeusi katikati ya wekundu, asicheke, apulize filimbi yake kama kawaida. Ila mechi ikiisha awahi kumchukua kabla hawajamrusha nje.

Mama anasalimia, anasema ndoo ni ya kumwogeshea mjukuu. Mbusu mwanetu kila shavu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku

Nilitaka kusahau: lile shati dogo nimeligeuza nikalikagua. Ameacha upindo mpana sana, chini na mikononi, wa kufumuliwa kila mtoto akikua. Baba unamjua, kitambaa hapotezi. Anataka kuja kulifumua mwenyewe.