Mayai Niliyomlisha Sikudhani

Kaka Mshamu,

Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile ulizonichapa mpaka nikazijua. Maiti yako hatukuiona, kwa hiyo sina kaburi la kwenda kusemea haya.

Unamkumbuka yule samaki, hongwe, tuliyemvua hapa Mbuchi, siku chache kabla hujaenda kunywa maji ya dawa ya vita? Tulimfungua kinywa tukakuta mayai, makubwa kama kunazi. Nikacheka, nikasema kala mayai ya mwenzie. Ukaniambia, "Huyo ni baba. Jike hutaga, dume huyachukua mdomoni, hali kitu mpaka watoto watoke. Mrudishe." Binti yako Sikudhani alikuwa ameshika kikapu. Alisikia.

Ukaenda vitani. Aliyerudi alisema risasi ilikupata tumboni, njia ya Umwe, na ulikoroma kutwa nzima. Kisha askari wakachoma mpunga, hata wa mbegu. Shemeji, mkeo, akafa kwa njaa. Nikabaki na Sikudhani, hana hata nguvu ya kufukuza nzi.

Nikapata hongwe. Mdomo umejaa. Kaka, niliyakumbuka maneno yako yote, na bado niliyachemsha mayai pamoja na baba yao.

Mtoto alipoyaona akabana meno. "Baba alisema warudishwe." Nilimkalia miguu, nikampenyeza kidole kati ya meno, nikamlisha yai moja moja, naye akilia bila machozi. Siku ya tatu alisimama.

Sasa ni mwanamke. Hupika samaki wote, hongwe hamgusi, wala siku ile hajaitaja hata mara moja. Nami nikimvua hongwe, akikoroma vile wanavyokoroma wakitolewa majini, naachia mshipi. Najua si wewe. Mikono haisikii.

Juzi watu wa Bungu walikuja kumposa. Wa kumwozesha ni mimi, mimi niliyembana taya. Nilipomuuliza mbele yao kama ameridhia, aliinama, asiseme neno. Wakafurahi: kanyamaza, kakubali. Mimi sikujua ule ulikuwa unyamavu gani.

Kesho nitamwita, tuwe wawili tu. Nitamwomba radhi kwanza, ndipo nimuulize tena, na nitangoja hadi aseme kwa kinywa chake. Akikataa, posa itarudi Bungu, na aibu nitaibeba mimi. Hilo nakuahidi.

Pumzika, kaka.

Mdogo wako,
Salumu