Jezi ya Kasi

Jumatano, 10 Septemba

Wa pili. Tena! Kwa nusu gurudumu. Chuma, mpinzani wangu wa timu nyingine, kanipita kulia, mstari huu hapa, na mimi nimeshaanza kunyanyua mkono kushangilia. Mkono! Mtu mzima na akili zangu. Kesho picha itakuwa kila mahali. Nimekaa bafuni na nguo za mbio za baiskeli mpaka maji yakapoa.

Jezi ya kasi, ya mwenye pointi nyingi za kumaliza kwa kasi, bado anaivaa yeye. Kwa pointi mimi namfuata. Bosi wa timu kasema bila jezi hiyo mwakani nafasi yangu anapewa kijana. Kasema huku anakula.

Mke wangu kapiga simu. Nikamwambia nimechoka tu. Sauti yako naijua, kasema, usinifiche. Nikakata.

Ijumaa, 12 Septemba

Milima kutwa. Huku sisi wa kasi ni mizigo. Tunajikusanya nyuma, maadui watupu, tunapokezana kukata upepo, maana anayefika nje ya muda anatolewa mashindanoni. Bosi akaniambia redioni: Chuma anatapika, ongeza mwendo, mwacheni hapo hapo. Nikaongeza. Chuma akaachwa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe! Kilima cha mwisho miguu ikagoma — yangu mimi. Wenzangu wakapotelea kwenye kona. Nikalia. Ndiyo, juu ya baiskeli, na ndevu zangu zote.

Mara nasikia mnyororo nyuma. Chuma, matapishi kifuani.

"Babu, kaa nyuma yangu. Usiongee, kanyaga."

Akanivuta mpaka juu. Tumeponea chupuchupu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Na Jumapili nimshinde nani?"

Namchukia. Bora angenipita.

Jumamosi, 13 Septemba

Mapumziko. Chuma ana homa. Bosi anapiga mluzi koridoni: asipomaliza kesho, jezi ni yetu. Nimejaribu kufurahi, wapi!

Jumapili, 14 Septemba

Ndani ya basi la timu, kabla ya kuanza. Leo, siku ya mwisho, kuna kilima kimoja, kisha tambarare mpaka mwisho. Chuma kaja dirishani, macho mekundu, anatetemeka juani. Hakuzungusha maneno.

"Babu, pale kilimani sitoboi peke yangu. Nivute, nimalize tu ndani ya muda."

Nikimvuta, walio mbele hatuwaoni tena. Jezi inabaki kwake, na mimi kazi sina. Nikimwacha, jezi yangu. Hesabu ya mtoto mdogo! Nikainamia viatu, nikajifanya navikaza. Akasema haya, kaka, akaondoka ameshika ubavu wa basi.

Mungu wangu, kwa nini hakunipita Ijumaa? Ningekuwa nyumbani sasa, nimeshindwa, nimelala.

Fundi wetu kaja na magurudumu mawili. Moja lina gia nyepesi za kupandia taratibu, jingine la kasi. Tufunge la kasi, siyo? kauliza. Hata hakuliangalia lile jingine.

Nimesema la mlima.

Kacheka. "Babu, kilima chenyewe kile kichuguu! Unakwenda kumsubiri nani?"

Sijacheka. Naye kaacha kucheka. Kaniuliza upya, polepole, kama anaongea na mgonjwa: lipi? Nje wameanza kutuita mstarini. Bosi anakuja huku, namwona. Fundi kasimama na magurudumu yote mawili mikononi, ananisubiri, na mimi nimeinamia daftari naandika —